Toleo Kamili na Safu ya Saba

3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba: barua hii isome peke yako, na ukimaliza ichome. Usimsomee hata mkazamjomba, ambaye nampenda, lakini siri kwake hailali. Wala usinijibu kwa ujumbe wa simu. Simu ninayotumia ni ya ofisi, na nimesoma mahali kwamba kinachofutwa kwenye mashine huwa hakifutiki sawasawa. Karatasi ukiichoma imechomeka.

Sisi hatujambo. Baba kikohozi kimepungua, amebaki na kulalamika tu. Mtoto wa dada ameota jino la kwanza na amelijaribu kwenye kidole cha daktari. Masikio yako je? Dada anasema sasa yamezimika yote mawili. Kama ni kweli, pole sana. Kama si kweli, pole vilevile, maana nakujua: jambo usilotaka kulisikia hulisikii.

Sasa neno lenyewe. Unajua mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya makaburi ya mji, na huu ni mwaka wangu wa kwanza. Kazi yangu ni rejista: nani kazikwa safu ipi, namba ipi. Makaburi mengi hapa hayana jiwe. Bila rejista ni matuta ya udongo tu. Vitabu vya zamani vilioza mvua ilipoingia stoo, kwa hiyo rejista yote imo ndani ya kompyuta.

Kompyuta zetu ni sita, kuukuu, na mfumo wake umeshaachwa na waliouunda. Mkuu wa ofisi amerudi kutoka semina akasema tunahamia Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa. Akauliza nani anaifahamu. Mjomba, nilipoomba kazi hii niliandika kwenye barua ya maombi, "Ninaifahamu vizuri Linux." Niliifahamu kwa kukuangalia wewe ukiitumia kibandani kwako. Mkuu akalitoa jalada langu, akausoma mstari huo mbele ya watu wote, akasema, "Mtaalamu tunaye." Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikacheka.

Kwenye ukurasa wa kupakulia kuna matoleo mawili, la msingi na kamili. La msingi ni mfumo wenyewe, kivinjari na vitu vichache. Kamili lina kila kitu: programu za ofisi, picha, muziki, michezo, lugha zote za dunia. Mkuu tunamwita Bwana Kamili akiwa hasikii, kwa sababu kwake kila kitu lazima kiwe kamili: ripoti kamili, sare kamili, hata salamu ukiikatiza anakurudisha mlangoni uianze upya. Bila shaka atataka kamili. Mimi sijui. Nichague lipi? Nijibu upesi, na nyuma ya bahasha usiandike jina lako.

Mpwa wako.


14 Februari

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako nimeichoma. Mkazamjomba wako akaniuliza moshi wa nini, nikamwambia mbu.

Ni kweli, masikio yamefunga duka. Mteja anakuja anaeleza tatizo la kompyuta yake dakika kumi, nami natikisa kichwa, halafu namsukumia karatasi aandike. Nimegundua kwamba tatizo la dakika kumi likiandikwa huwa ni mstari mmoja: "Haiwaki."

Chukua la msingi. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, nami nadhani walikuwa na kompyuta kuukuu. Mashine zenu hazina nguvu. Toleo kamili litazikalia kifuani. La msingi utaliongezea unachohitaji, kimoja kimoja. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni vita. Tena la msingi linaingia kwenye flashi ndogo ya giga mbili, kama ile niliyokupa, na kwenye diski unaweza kulipangisha chumba kimoja kando ya mfumo wa zamani bila kumfukuza mwenye nyumba. Kamili halikubali kupanga. Linataka nyumba nzima.

Na kabla hujagusa chochote: nakala. Nakala ikae nje ya mashine unayoigusa. Hilo ukilisahau, sahau kwamba una mjomba.

Jambo langu sasa. Mwaka huu nataka kumwekea mama yako jiwe. Miaka kumi na minne bila jiwe ni aibu yangu mimi kaka yake. Mchonga mawe anataka namba ya kaburi aiandike kwa nyuma. Wewe umekaa juu ya rejista yenyewe, basi niandikie namba.

Mjomba wako.


26 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika Jumatatu. Sisi tuliweka Jumatano iliyotangulia. Kamili.

Tunaendelea vizuri. Baba anakusalimu. Skrini sasa inapendeza, ina picha ya mlima wenye theluji, na Bibi Mhuri, mama mtu mzima anayegonga mihuri kwenye vibali, amejifunza kucheza karata kwenye kompyuta ya masjala. Anasema hajawahi kuipenda kazi hivi.

Nina rafiki yangu wa ofisi nyingine ana swali. Yeye aliweka mfumo mpya, akachagua ule mlango wa kufuta diski yote, na kumbe mle ndani kulikuwa na kitu alichokihitaji. Anauliza kama kinaweza kurudi. Hana haraka sana. Lakini ukipata nafasi mjibu.

Dada anasema mkazamjomba anaumwa mgongo. Mpe pole.

Mpwa wako.


7 Machi

Mpwa wangu,

Mwambie huyo rafiki yako mwenye mwandiko kama wako aende sasa hivi, asimalizie hata kusoma barua hii, achomoe waya ukutani. Asizime kwa adabu. Achomoe.

Umechomoa? Haya, keti.

Ukifuta diski namna hiyo, vitu haviondoki. Kinachoondoka ni orodha ya vilipo. Ni kama mtu ameng'oa vibao vya namba kwenye milango ya mtaa mzima: watu bado wamo ndani, ila tarishi hajui amgongee nani. Lakini mfumo mpya unahesabu kila nyumba kuwa ni tupu, na kila siku unajenga juu yake. Toleo kamili linajenga usiku na mchana: linapakua masasisho, linapanga picha, linaandika kumbukumbu ya kila mchezo wa karata. Kila karata anayoitupa Bibi Mhuri huenda inaangukia juu ya kitu.

Sasa niambie kweli. Kilikuwa nini? Na nakala iko wapi? Mimi ni kiziwi, si kipofu.

Namba ya mama yako hukuniandikia. Mchonga mawe ameuliza tena.

Mjomba wako.


16 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimechomoa. Nimebandika karatasi: IMEHARIBIKA, INASUBIRI FUNDI.

Ilikuwa rejista. Yote. Safu ya kwanza hadi ya thelathini na mbili.

Naandika kama ilivyokuwa. Mkuu alisema kamili, nami sikubisha. Toleo kamili halikuingia kwenye flashi uliyonipa. Flashi kubwa pale ofisini ni moja tu, inakaa kwenye droo ya mkuu, imeandikwa NAKALA kwa wino mwekundu. Nikamwomba. Akanipa bila kuuliza. Ili niitumie ilibidi niimwage, kwa hiyo vilivyokuwamo nikavihamishia kwa muda kwenye kompyuta ya masjala, kwenye folda niliyoiita "Usiguse". Mpango wangu ulikuwa kuanza na zile mashine tano, ya masjala iwe ya mwisho, baada ya kurudisha nakala kwenye flashi. Niliuandika mpango huo kwenye karatasi. Bado ninayo.

Asubuhi ya Jumatano ile walikuja wageni watatu, wapimaji wa barabara. Mkuu akaja nao hadi mezani kwangu. "Hapa ndipo masjala yetu ya kisasa inapozaliwa," akawaambia. "Karani, anza na hii, waone."

Nikasema, "Mkuu, hii nilikuwa nimeiweka ya mwisho."

"Ya mwisho kwa nini? Hii ndiyo moyo wa ofisi."

Mmoja wao akacheka, "Labda mtaalamu wako anaogopa."

Nikachomeka flashi. Ikafika pale pa kuchagua. Kupanga kando ya mfumo wa zamani ilikataa, nafasi haitoshi kwa kamili. Ikabaki kufuta diski yote. Mjomba, nilijua. Nilijua kabisa kwamba rejista na nakala yake vyote vimo mle. Ilikuwa kusema maneno matano tu: "Mkuu, nakala imo humu humu." Nikageuka. Akawa ananitazama na tabasamu lile la mbele ya wageni. "Bonyeza, bonyeza," akasema.

Nikabonyeza.

Wageni walipiga makofi mlima ulipotokea. Jioni nikaitoa flashi, nikairudisha kwenye droo. Bado imeandikwa NAKALA. Mkuu anaamini rejista imo.

Na hilo siyo lote. Barabara inapanuliwa. Safu nane za chini, kuanzia mfereji, zinachukuliwa. Wameshapigilia vigingi vyekundu. Ofisi inatakiwa kutoa orodha ya waliozikwa humo kabla ya tarehe kumi Juni, ili ndugu zao waitwe, wahamishwe kwa heshima, kila mmoja na namba yake mpya. Asiye kwenye orodha hana wa kuitwa. Trekta litachimba tarehe kumi na tano Juni, na watakaotolewa bila jina watatiwa shimo moja.

Safu ya saba imo. Mama yumo.

Kuhusu namba. Nimekuwa karani wa rejista hii miezi kumi na mmoja na sijawahi kumtafuta. Kila siku nilisema kesho. Niliogopa kumkuta kwenye mstari, kati ya watu wawili, kama mtu mwingine yeyote. Sasa siwezi hata nikitaka. Lakini wewe unacho kile kijikaratasi cha buluu walichokupa siku ya maziko. Najua unacho, baba husema kila mara, "Kijikaratasi kiko kwa mjomba wako." Niandikie namba, ili angalau mmoja awe salama.

Choma, tafadhali.

Mpwa wako.


27 Machi

Mpwa wangu,

Nimesoma. Sikugombezi. Ningekuwa karibu ningekupigia kelele, lakini kelele zangu siku hizi hata mimi sizisikii.

Kwenye kifurushi hiki kuna diski ya nje, nimeifunga kwa soksi za mkazamjomba. Soksi hizo zirudi, ameshaziulizia. Fanya hivi. Flashi ndogo niliyokupa, tia toleo la msingi. Usiliweke kwenye mashine, liwashe kutoka kwenye flashi yenyewe. Litakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, halitaandika hata herufi moja kwenye ile diski. Hiyo ndiyo faida ya mgeni asiye na mizigo. Halafu tumia programu ya kufukua. Nimekuandikia amri zote ukurasa wa pili, herufi kwa herufi. Kinachofukuliwa kielekeze kwenye diski yangu, SI kwenye ileile. Nimepigia mistari mitatu. Itachukua siku nzima, pengine mbili. Usiisimamishe hata ikionekana imelala.

Hapa mvua imeanza. Paa la kibanda linavuja juu ya meza ya kazi, nimehamishia meza mlangoni. Mgongo wa mkazamjomba unaendelea. Kula vizuri.

Mjomba wako.


22 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Kifurushi kilichelewa posta siku kumi na nane. Kila siku nilikwenda, na yule mama wa dirishani akaanza kuniuliza kama ni mchumba. Soksi zinarudi na barua hii.

Nilifanya kazi Jumamosi na Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa. Mlinzi nilimwambia nafanya usafi wa mashine. Nilikaa na mfagio kabisa, kusudi akichungulia auone. Toleo la msingi liliwaka mara ya kwanza. Skrini ya kijivu, haina mlima wala karata. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Mafaili yamerudi, elfu sita mia mbili na kumi na nane. Lakini, Mjomba, yamerudi bila majina. Kila moja ni herufi moja na tarakimu nyingi. Barua, picha, vibali, rejista, vyote vimelala pamoja, na namna pekee ya kujua kipi ni kipi ni kufungua. Nilikaa nikiyatazama. Ni makaburi yangu yaleyale.

Nimefungua moja moja wiki nzima, saa ya chakula, mlango umerudishiwa. Bibi Mhuri aliniuliza, "Mwanangu, mbona huli? Una mimba au una deni?" Nikasema sina njaa. Akasema, "Basi ni baya kuliko vyote viwili."

Rejista nimeipata. Kila safu ilikuwa na faili lake. Thelathini na moja ni nzima. Ya saba imefunguka hadi namba kumi na nane, halafu kuna takataka, alama zisizosomeka, hadi mwisho. Kitu cha toleo kamili kimejengwa juu yake. Safu ya saba ina makaburi sitini na moja, kwa hiyo arobaini na tatu hayana mtu, na la mama ni mojawapo. Nimefukua tena mara mbili. Hayapo.

Toleo la msingi lingepanga chumba chake na kumwacha kila mtu alipolala. Nafikiria hilo ninapoamka, kabla hata sijajua leo ni siku gani.

Barua yako ilikuwa na kurasa nne. Ya diski umeniandikia, ya soksi na ya paa pia. Ya kijikaratasi cha buluu hukuandika. Nakuomba namba, Mjomba.

Mpwa wako.


2 Mei

Mwanangu,

Kijikaratasi sina.

Nilikiweka ndani ya mfuko wa ngozi wa redio. Tulipohama nyumba ile ya kwanza nilikitafuta sikukiona. Huo ulikuwa mwaka wa pili baada ya msiba. Baba yako aliponiuliza, nikasema kipo. Dada yako aliponiuliza, nikasema kipo. Ulipopata kazi hapo nilifurahi kuliko wote, si kwa ajili ya kazi. Nikasema, sasa nitamwomba mtoto namba, na hakuna atakayejua. Mchonga mawe nilimtunga tu, hayupo.

Najua safu ya saba. Siku ile mvua ilinyesha, njia zote zilikuwa tope. Na nakumbuka kitu kimoja tu: kando yetu, saa ileile, alizikwa fundi cherehani. Nilijua ni fundi kwa sababu binti yake alikuwa ameishika tepu ya kupimia nguo, ameizungusha mkononi hadi vidole vikawa vyeupe. Upande gani sikumbuki. Mbali gani sikumbuki. Mtu hahesabu siku kama ile.

Unaona basi. Anayejua alipo mama yako ni yule binti, na baba yake yumo kwenye yale arobaini na tatu yako.

Utataka nikwambie la kufanya. Sikwambii. Mimi nimeogopa kijikaratasi miaka kumi na miwili. Sina mdomo wa kukwambia usiogope.

Mjomba wako.


20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nilikaa na barua yako siku mbili mfukoni. Ya tatu nikaingia kwa mkuu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, nikianza na "Mkuu, nakala ilikuwamo humu humu," maneno matano yaleyale, yamechelewa miezi mitatu.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Aliinuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, mkuu. Mimi na wewe."

"Orodha ya safu nyingine unayo?"

"Ninayo, kamili."

"Safu ya saba umepata hadi namba ngapi?"

"Kumi na nane."

Akachukua kalamu, akaandika kwenye kikaratasi, akanigeuzia. Aliandika: Safu ya 7, makaburi 18.

"Mkuu, yako sitini na moja. Ukisimama getini unayaona."

"Ninaona matuta. Rejista ndiyo inayosema kaburi ni lipi, na rejista inasema kumi na nane." Halafu akalainisha sauti. "Binti, wewe bado mdogo. Uliandika unaifahamu Linux, mimi nikakuamini. Wakiuliza nani alibonyeza, wageni watatu walikuona. Mimi sikubonyeza kitu. Tunaelewana?"

Nikasema ndiyo. Mjomba, nilisema ndiyo. Nilikwenda hadi chooni nikanawa uso, nikarudi mezani.

Saa tisa nikachukua karatasi kubwa ya manila. Nikaandika kwa mkono, herufi kubwa: YEYOTE MWENYE NDUGU SAFU YA SABA, KUANZIA KABURI LA KUMI NA TISA, AJE AMWONYESHE KARANI KABLA YA TAREHE 10 JUNI. REJISTA YA SEHEMU HII IMEPOTEA. ALIYEIPOTEZA NI KARANI. Kisha nikampelekea Bibi Mhuri, maana tangazo lisilo na mhuri hapa watu huwashia jiko.

Aliisoma. Najua aliisoma, midomo ilikuwa inacheza. Akaupulizia mhuri pumzi, akagonga mara mbili, chini na juu.

"Mimi nagonga tu," akasema. "Kusoma si kazi yangu."

Nikaibandika geti la chini saa kumi. Kesho yake saa mbili asubuhi nikapewa barua ya kusimamishwa kazi, nisionekane ofisini. Ofisini wameandika. Makaburini hawakuandika. Kwa hiyo nimekaa makaburini.

Nina kigoda, daftari la kurasa mia, na kilaptopu kibovu cha dada nilichokitia toleo la msingi, kwa sababu hakiwezi kubeba kingine. Orodha ya zile safu nzima, na ya saba ikionyesha makaburi sitini na moja, nimeshaitoa kopi tatu, nikaipeleka kwa wapimaji mwenyewe, na moja inalala kwa Bibi Mhuri chini ya mito ya kiti chake.

Siku ya kwanza hawakuja watu. Ya pili alikuja mzee mmoja akanitukana hadi akachoka, kisha akanionyesha mke wake. Namba arobaini. Nilimwandika. Mkuu hupita na gari taratibu, kioo kimefunguliwa. Jana kuna mtu ameing'oa manila. Nimeandika nyingine. Ninaogopa kila gari linalopunguza mwendo.

Mpwa wako.


29 Mei

Mwanangu,

Nakuja. Nimefunga kibanda. Mkazamjomba anasema mgongo umepona, nadhani ni kwa ajili ya safari.

Nikifika huo mji nitakuwa kiziwi stendi, sitasikia mtu akiniita, na ofisini kwako siwezi kuuliza. Nielekeze kwenye karatasi, hatua kwa hatua, kama nilivyokuelekeza amri zangu.

Barua zako sijachoma hata moja. Siku ile ya mbu nilichoma bahasha ya bili ya umeme. Nisamehe.

Mjomba wako.


5 Juni

Mjomba, shikamoo.

Usizichome. Njoo nazo zote. Zina tarehe, na mle nimeandika nani alisema nini siku ile, na makofi ya wageni, na kile kikaratasi cha kumi na nane. Nimeitwa na wakubwa wa mkuu tarehe kumi na mbili. Wapimaji waliona orodha yangu na yake hazifanani. Sijui wataniuliza kama shahidi au kama mkosaji. Nadhani vyote viwili. Nitakwenda, na ningependa uwe umekaa nyuma yangu hata kama husikii kitu.

Kati ya arobaini na tatu wamepatikana thelathini na sita. Saba bado hawana mtu.

Juzi alikuja mwanamke wa makamo. Hakunitukana. Alitoa kwenye mkoba kijikaratasi cha buluu, kimekunjwa hadi kimekatika mikunjo. Namba ishirini na nane. Nikamuuliza marehemu alifanya kazi gani. "Baba alikuwa fundi cherehani."

Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza kama anakumbuka msiba mwingine siku hiyo, kando yao.

Akanyoosha kidole. "Kushoto, upande wa geti. Kulikuwa na mwanamke anazikwa. Sikumbuki nani alilia. Namkumbuka mtoto wa kike ana kiatu kimoja. Kingine kilibaki kwenye tope. Kulikuwa na mwanamume amemweka mgongoni, na yule mtoto alikuwa anahesabu watu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama yuko darasani. Nikawaza, huyu atakuwa karani."

Kiatu kile nilikuwa nimekisahau, Mjomba. Mgongo wako sikuusahau.

Sasa nielekeze. Ukishuka stendi usiulize ofisi ya makaburi. Toka kwa mlango wa nyuma, ulipo mnara wa maji, na uuweke mgongoni. Fuata ukuta wa matofali hadi uishe. Utaona mfereji. Usiuvuke kwa daraja la kwanza, gari la mkuu huegeshwa pale. Vuka la pili, la mbao. Geti la chini lina manila yenye mihuri miwili. Kama imeng'olewa, geti ni lile lenye bawaba moja. Ingia, hesabu safu kutoka mferejini hadi ya saba. Makaburi kumi na nane ya mwanzo yana vibao vipya vya ofisi. Baada ya hapo ni vibao vyangu, vya mbao za makasha, mwandiko unaujua. Usiite, nitakuona kabla hujafika. Kama sitakuona kwa sababu wamenichukua mapema, muulize Bibi Mhuri, kibanda cha vibali, mwandikie tu neno "buluu", atakupa daftari. Halafu tembea hadi kwenye kile ulichoniuliza tangu Februari nikashindwa kukujibu.

Ishirini na saba.